SINDANO YA BARIDI YABISI: YAJUE HAYA KABLA HUJAMCHOMA MGONJWA WAKO

Leo tuache siasa kidogo, tuongee afya. Ndani ya mwezi mmoja nimeulizwa swali lile lile na vijana watatu tofauti: "Oya, bi mkubwa kaandikiwa sindano ya viungo ya kuchoma nyumbani, bei yake si mchezo, mzee kanituma nikacheki kwenye neti kama ni salama." Nami nimepitia hayo hayo na mama yangu, kwa hiyo nimeamua kuyaandika yote hapa. Ukiona vyema, printi ukampe mgonjwa wako.

Niseme mapema kabisa: mimi si daktari. Ni mtoto ambaye amemchoma mama yake hizi sindano, akasoma karatasi ya ndani ya boksi mpaka ikachanika, na akawasumbua manesi kwa maswali. Neno la mwisho ni la daktari wa mgonjwa wako.

Kwa wale wenye dakika kumi tu za neti, habari yenyewe ni hii: kuchoma ni rahisi, hata kwa mtu anayeogopa damu. Hatari iko sehemu mbili. Ya kwanza ni kabla ya kuanza, kama TB haikutafutwa. Ya pili ni baada ya kuanza, siku homa inapokuja mkasema "ni malaria tu". Mwenye muda tuendelee.

BARIDI YABISI NI UGONJWA GANI?

Jina lenyewe linatupoteza. Huku chini ya Meru, Juni na Julai ukungu ukishuka, kila anayelalamika magoti tunamwambia "ni baridi hiyo, vaa soksi". Kweli baridi inaweza kufanya maumivu yasikike zaidi, lakini haileti ugonjwa huu. Wapo wanaougua Tanga na Dar kwenye joto la kutoa jasho.

Ugonjwa ninaouongelea hapa kitaalamu unaitwa rumatoidi athraitisi. Kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, inageuka na kushambulia utando laini ulio ndani ya viungo. Viungo vinavimba, vinauma, na vikiachwa bila tiba vinaliwa taratibu mpaka vidole vinapinda. Kwa kawaida huanza kwenye vidole, viganja na nyayo, pande zote mbili za mwili, na asubuhi viungo vinakakamaa kwa nusu saa, saa, au zaidi. Mama alifika mahali hawezi kufunga kitenge wala kukamua kitambaa cha deki.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema mwaka 2019 watu milioni 18 duniani walikuwa wakiishi na ugonjwa huu, na asilimia 70 yao ni wanawake. Si ugonjwa wa wazee peke yao. Unaweza kumpata binti wa miaka 25.

Usichanganye na jongo, ambalo mara nyingi huanza ghafla kwenye dole gumba la mguu, wala na magoti yaliyochakaa kwa umri. Na huku kwetu wanakofuga kuna kitu kingine cha kuangalia: bruselosisi, ule ugonjwa wa ng'ombe na mbuzi kutupa mimba. Binadamu anaupata kwa maziwa mabichi au kwa kuzalisha mifugo, na unaleta homa na maumivu ya viungo. Kwa hiyo kabla ya kuwaza sindano ya bei mbaya, hakikisheni ugonjwa umethibitishwa na daktari kwa kuangalia viungo, damu na picha.

SINDANO HII INAFANYAJE KAZI?

Kwanza ieleweke kwamba hii sindano si hatua ya mwanzo. Wengi wanaanza na vidonge vya methotreksati, ambavyo ni dawa ya zamani, ya bei nafuu na inayowasaidia watu wengi. Sindano inakuja pale ambapo vidonge vimetumika vizuri kwa miezi mitatu hadi sita na bado viungo vinawaka. Mara nyingi mgonjwa anaendelea na vyote viwili.

Hapo hapo nitoe onyo: methotreksati ya baridi yabisi inamezwa MARA MOJA KWA WIKI. Narudia, kwa wiki. Kuna watu duniani wamekufa kwa sababu walimeza kila siku. Chagueni siku moja, andikeni ukutani kwa maandishi makubwa. Kwetu ni Jumapili baada ya ibada. Asidi ya foliki anameza siku nyingine kama alivyoelekezwa. Na pombe na dawa hiyo haviendani, ini linaumia, hata kama ni mbege ya harusi.

Sasa tuje kwenye sindano. Mwilini kuna kemikali inaitwa TNF. Ichukulie kama mlinzi wa mtaa mwenye filimbi. Akiona mwizi anapuliza, askari wanakuja. Kwa mgonjwa wa baridi yabisi mlinzi huyu anapuliza filimbi usiku kucha wakati mwizi hakuna, na askari wakifika wanavunja nyumba za wenyeji. Mwaka 1992 pale London, madaktari Ravinder Maini na Marc Feldmann waliwapa wagonjwa wa kwanza dawa ya kuizima TNF. Wagonjwa waliokuwa hoi walianza kupata nafuu. Mwaka 2003 wawili hao walipewa tuzo ya Lasker kwa kazi hiyo.

Dawa za kundi hili zinatengenezwa kwa kutumia chembe hai badala ya kemikali za kawaida, ndiyo maana zinaitwa dawa za kibayolojia. Utakazozisikia zaidi ni hizi:

- Adalimumabu (kwenye boksi jina halina hiyo "u" ya mwisho). Ya asili inaitwa Humira. Kwa mtu mzima mwenye baridi yabisi kawaida ni miligramu 40 kila baada ya wiki mbili, chini ya ngozi.
- Etanasepti, ya asili inaitwa Enbrel. Kawaida ni miligramu 50 kila wiki, chini ya ngozi.
- Infliksimabu, ya asili inaitwa Remicade. Hii ni ya dripu, inatolewa hospitali. Usikubali mtu akuambie atakuwekea nyumbani.

Kundi hili la dawa liliingizwa na WHO kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2019. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema ni "majaribio ya wazungu", mpe hiyo.

Sasa rudi kwa yule mlinzi. Ukimziba mdomo, mtaa unalala usingizi. Lakini siku mwizi wa kweli akija, filimbi haisikiki vizuri. Ndiyo bei ya dawa hii, na huku kwetu mwizi tunamjua kwa jina.

KWA NINI TB NDIYO HABARI KUBWA HUKU

WHO inakadiria kwamba karibu robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa vijidudu vya TB. Wengi hawaumwi wala hawaambukizi. Mwili umevizungushia ukuta kwenye mapafu, vimelala humo, pengine miaka 30. Na TNF ni moja ya vitu vinavyoushikilia ukuta huo usianguke. Ukiizima, ukuta unaweza kubomoka.

Hii si nadharia. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walichapisha taarifa za wagonjwa 70 waliougua TB baada ya kuanza infliksimabu, wengi wao ndani ya miezi michache ya mwanzo. Zaidi ya nusu TB yao ilikuwa nje ya mapafu: kwenye tezi, kwenye utando wa tumbo, na kadhalika. Na wengi wao walitoka nchi ambazo TB ni adimu! Tanzania ilikuwa kwenye orodha ya WHO ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB kwa miaka ya 2021 hadi 2025. Piga hesabu mwenyewe.

Mkoa wetu na jirani zake wana historia na ugonjwa huu. Kibong'oto, hospitali maalumu ya magonjwa ambukizi iliyoko Siha upande wa Kilimanjaro, ilianza mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa TB, na mpaka leo ndiko wanakopelekwa wenye TB sugu. Halafu kuna Mererani. Vijana wangapi wa Arusha wameshuka mashimoni kutafuta tanzanaiti? Vumbi la mawe la kule, lenye silika, linaharibu mapafu na kuipa TB nafasi. Tena vumbi hilo hilo limehusishwa na kuongeza uwezekano wa kupata baridi yabisi yenyewe. Kwa hiyo apolo mstaafu mwenye vidole vilivyovimba ana sababu mbili za kupimwa vizuri.

Kwetu ilikuwa hivi. Mjomba alikuwa apolo Mererani, miaka ya 2000 akaugua TB, akalazwa Kibong'oto, akapona. Lakini kabla ya kulazwa alikaa kwetu Tengeru miezi mitatu anakohoa, na aliyemuuguza ni mama. Miaka mingi ikapita, hakuna aliyekumbuka. Daktari alipouliza, "Kuna mtu nyumbani aliwahi kuugua TB?" mama akajibu hakuna. Kwake yeye mjomba alishapona, habari ilishakwisha. Ni mimi niliyedakia, "Mama, na mjomba je?"

Kipimo cha ngozi kikaja chanya. Picha ya kifua ilikuwa safi, makohozi safi. Maana yake TB ipo, imelala. Daktari akasema sindano isubiri, kwanza aanze dawa ya kinga ya TB. Pesa ya boksi la kwanza ukoo ulishachanga, na baba mdogo akawa mkali: "Mgonjwa analia kwa maumivu, mnampa dawa ya ugonjwa ambao hana!" Ule mwezi ulikuwa mrefu. Lakini leo naamini swali lile moja la mjomba ndilo lililomwokoa mama.

VIPIMO KABLA YA SINDANO YA KWANZA

Andika kwenye karatasi, nenda nayo kliniki:

1. TB. Maswali (umewahi kuugua? umewahi kuishi na mgonjwa? umefanya kazi mgodini?), picha ya kifua, na kipimo cha ngozi cha Mantoux au cha damu. Cha ngozi kinasomwa baada ya saa 48 hadi 72, kwa hiyo lazima urudi. Ukienda baada ya wiki umepoteza muda. Chanjo ya BCG ya utotoni inaweza kukifanya kionekane chanya, na vidonge vya prednisoloni vinaweza kukificha kionekane hasi. Ndiyo maana maswali ni muhimu kama kipimo.
2. TB iliyolala ikionekana, mgonjwa anaanza dawa ya kinga, mfano isoniazidi, na kwa kawaida anasubiri angalau mwezi mmoja kabla ya sindano. Dawa ya kinga anaimaliza yote hata baada ya sindano kuanza. TB iliyoamka ikionekana, inatibiwa kwanza na mambo ya sindano yanawekwa pembeni mpaka daktari aseme.
3. Homa ya ini B na C. Ile ya B inaweza kulala na kuamka kama TB.
4. VVU. Pima bila kuona haya; daktari anahitaji kujua ili apange dawa.
5. Damu ya jumla, ini na figo.
6. Moyo. Mwenye moyo uliochoka, miguu kuvimba, kukosa pumzi akilala chali, aseme mapema.
7. Chanjo. Nitaieleza chini.

Kama mtu anataka kumuuzia mgonjwa wako sindano bila hata kimoja kati ya hivyo, ondokeni.

KUITUNZA: HAPA NDIPO NILIPOCHEMSHA

Dawa hizi zinatunzwa kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, yaani friji ya kawaida, ndani ya boksi lake ili mwanga usiipige. Zisigande. Ikiganda mara moja tu imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima.

Mimi nilijua hayo? Nilijua nusu. Boksi la pili nililiweka juu kabisa, limegusa ukuta wa frisa, nikidhani baridi zaidi ndiyo usalama zaidi. Asubuhi nikakuta kimiminika kimekuwa barafu. Nikampigia nesi, nikisali aseme iache iyeyuke. Akasema, "Mwanangu, hiyo tupa." Wadau, ile ilikuwa michango ya shangazi wanne na jogoo aliyeuzwa. Niliitupa. Kumwambia mama ilinichukua siku mbili.

Kwa hiyo fanyeni hivi. Weka shelfu ya katikati, mbali na frisa, wala si mlangoni ambako joto linapanda na kushuka. Weka kipimajoto kidogo humo ndani. Umeme ukikatika usifungue friji. Ukichelewa sana kurudi, hamishia dawa kwenye deli lenye barafu, ila funga boksi kwa taulo lisigusane na barafu. Safari nayo ni hivyo hivyo, iwe kifodi cha kutoka mjini au basi la kutoka Nairobi kupitia Namanga. Deli linakaa mapajani, si kwenye buti wala juu ya injini.

Humira ikishatoka kwenye friji inaweza kukaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25 kwa siku 14 tu. Zikipita, inatupwa hata kama imerudishwa kwenye friji. Dawa nyingine zina muda wake, soma karatasi ya boksi lako. Na Arusha hii tunayojisifia ubaridi, Februari mchana ndani ya nyumba ya bati nyuzi 25 zinapita fasta.

KUICHOMA HATUA KWA HATUA

Mara ya kwanza choma mbele ya nesi akuangalie. Baada ya hapo:

1. Soma jina, kipimo na tarehe ya mwisho. Angalia kimiminika: kikiwa na ukungu, rangi ya ajabu au vipande vinavyoelea, usitumie.
2. Itoe kwenye friji dakika 15 hadi 30 kabla, ipungue ubaridi yenyewe. Usiweke kwenye maji moto, juani wala mfukoni. Usiitikise.
3. Nawa mikono kwa sabuni.
4. Chagua paja kwa mbele, au tumbo, angalau sentimita 5 kutoka kitovuni. Badilisha sehemu kila mara. Usichome penye jeraha, kovu, wekundu au ugumu.
5. Safisha kwa spiriti, acha ikauke. Usipulize kwa mdomo.
6. Kama ni kalamu ya sindano, isimamishe wima, bonyeza, hesabu polepole mpaka 10 au 15 kabla ya kuitoa. Kama ni bomba la kawaida lililojazwa tayari, finya ngozi na ingiza kwa mshazari.
7. Usisugue. Tone la damu si tatizo, gandamiza kwa pamba.
8. Sindano iliyotumika isifunikwe tena. Tumbukiza kwenye kisanduku cha kutupia sindano, au chupa ngumu ya plastiki yenye kifuniko, kisha ipeleke kituo cha afya. Usitupe jalalani, watoto wa mtaa wanachezea kila kitu.
9. Andika tarehe, na paja gani, kwenye daftari.

Wekundu kidogo na kuwasha palipochomwa ni kawaida, kunaisha siku chache. Lakini uso kuvimba, kifua kubana au vipele mwili mzima, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Ukisahau dozi, choma ukikumbuka, halafu ya mbele rudi kwenye siku yako ya kawaida. Usichome mbili kufidia. Usimgawie jirani hata kama ugonjwa ni huo huo. Na mgonjwa hatumii dawa mbili za kibayolojia kwa pamoja.

Kuhusu matokeo, subira. Wengine wanasikia nafuu ndani ya wiki mbili hadi nne, wengine mpaka wiki 12. Wiki 12 zikipita bila kitu, rudi kwa daktari badala ya kuendelea kumwaga pesa.

SIKU HOMA IKIJA

Tunaijua tabia yetu. Homa? Malaria. Dawa ya mseto dukani, lala. Kwa mgonjwa wa sindano hii tabia hiyo inaua.

Kuna utafiti uliofanywa Moshi mwaka 2007 na 2008 kwa wagonjwa 870 waliolazwa na homa KCMC na Mawenzi, ukachapishwa 2013. Waliodhaniwa na madaktari kuwa na malaria walikuwa zaidi ya asilimia 60. Waliokuwa na malaria kweli? Asilimia 1.6. Waliobaki walikuwa na mambo mengine: bakteria kwenye damu, bruselosisi, fangasi, na mengineyo. Moshi ni jirani zetu hapo, saa moja na nusu kwa basi.

Kwa hiyo sheria ya nyumbani kwetu, imebandikwa kwenye friji: HOMA = HAKUNA SINDANO, PIGA SIMU, NENDA UKAPIMWE. Na ukifika, sentensi ya kwanza iwe: "Mgonjwa huyu anatumia dawa inayoshusha kinga." Nenda na boksi mkononi. Usisubiri waulize.

Dalili za kuondoka nazo haraka: homa, kikohozi kinachozidi wiki mbili, kutoka jasho usiku, kupungua uzito, tezi za shingo kuvimba, tumbo kujaa, kidonda kisichopona, macho kuwa manjano, kukosa pumzi, ganzi au kuona vibaya. Kumbuka zaidi ya nusu ya wale 70 hawakuwa na TB ya mapafu, kwa hiyo "hakohoi" si kinga. Na kama kuna upasuaji, hata wa kung'oa jino, mwambie daktari mapema.

MAZIWA, CHANJO NA UJAUZITO

Maziwa mabichi mwiko. Najua kumwambia Mmeru au Mmasai hivyo ni kutafuta ugomvi, mama mwenyewe alininunia. Lakini ndani yake kunaweza kuwa na bruselosisi na TB ya ng'ombe. Chemsha mpaka yapande, ndiyo ugandishe mtindi wako. Nyama nayo iive. Damu mbichi iacheni.

Chanjo zenye vijidudu hai vilivyodhoofishwa, kama homa ya manjano, surua na BCG, haziruhusiwi ukiwa kwenye dawa hii. Vijana wa utalii na madereva wanaovuka mipaka, kama unahitaji kadi ya homa ya manjano, ulizia KABLA ya kuanza. Chanjo zisizo na vijidudu hai, kama ya mafua ya sindano, zinaruhusiwa na zinafaa.

Dada zangu, hili ni lenu. Methotreksati inaharibu mimba. Ukipanga kuzaa ongea na daktari miezi kadhaa kabla. Baadhi ya sindano zinaweza kuendelea wakati wa ujauzito kwa uamuzi wa daktari, lakini dawa inapita kwa mtoto. Na hapa Tanzania mtoto akizaliwa tu anachomwa BCG. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliripoti mtoto aliyefariki baada ya BCG, mama yake akiwa alitumia infliksimabu kwa ugonjwa wa utumbo wakati wa ujauzito. Kwa hiyo mwambie mkunga mapema, iandikwe kwenye kadi ya kliniki, BCG isogezwe mbele mpaka daktari wa watoto aseme.

PESA NA MATAPELI

Bei ni ngumu, tusidanganyane. Habari njema ni kwamba zipo nakala za kibayolojia zinazofanya kazi ile ile. Ulaya iliidhinisha ya kwanza ya infliksimabu mwaka 2013, India ikatoa ya adalimumabu mwisho wa 2014, na Marekani nakala za Humira zikaingia sokoni 2023. Muulize daktari waziwazi: "Kuna nakala ya bei nafuu?" Ulizia pia bima yako inalipia nini kabla hamjauza kiwanja. Kuanza halafu kukatisha baada ya boksi mbili hakusaidii. Kama pesa haitatosha kuendelea, bora daktari apange upya vidonge.

Nunua kwenye famasi yenye mfamasia, dawa iliyosajiliwa na TMDA (ile iliyokuwa TFDA mpaka 2019), na uone inatoka kwenye friji kwa macho yako. Sindano ya mtandaoni inayoletwa na bodaboda kwenye mfuko wa rambo, hata ikiwa halisi, imeshapikwa na jua.

Na zile unga za "kutibu viungo siku tatu" zisizo na jina la mtengenezaji, kaeni nazo mbali. Katika nchi mbalimbali dawa za namna hiyo zimekutwa zimechanganywa kwa siri na steroidi. Unapata nafuu ya haraka, huku sukari, presha na mifupa vinaharibika.

Tusisahau 2011. Maelfu ya watu walipita hapa mjini kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500. Simcheki mtu, hata kwetu waliondoka wawili. Lakini wapo walioacha dawa zao za hospitali baada ya kunywa, na wengine hawakurudi. Kwa hiyo mgonjwa wako akitaka maombi, mpeleke. Akitaka majani, amwambie daktari. Ila dawa asiache kimyakimya.

Mama leo anafunga kitenge mwenyewe. Vidole viwili vilishapinda, havitanyooka tena, lakini Jumamosi anakwenda sokoni Tengeru na kurudi na kikapu mkononi. Homa imempata mara mbili, mara zote mbili tulikwenda kupima kabla ya kumeza chochote, na mara moja ilikuwa nimonia iliyowahiwa.

Basi ukirudi nyumbani leo, kabla ya kuongea habari ya bei, kaa na mgonjwa wako umuulize swali moja: nani katika ukoo huu aliwahi kukohoa muda mrefu? Msikumbuke nusu kama sisi.

Kazi kwenu wadau. Mwenye uzoefu amwage hapo chini, mwenye swali la dozi ampelekee daktari wake.